Germinal ku televizio: uongo wa santimu kumi tunaujua

Kuko feuilleton moja ya Ufaransa ambayo tunaomba kila jamaa ya mchimbaji iangalie, hata kama ni kwa flash ya jirani. Inaitwa Germinal. Ni vipande 6, ilipita ku France 2 mu mwaka 2021, na imetoka mu kitabu cha Émile Zola cha mwaka 1885. Nguo ni za zamani, farasi wanavuta magari chini ya udongo, hakuna kobalti wala camion. Lakini ukiangalia vizuri utasema: hawa watu tunawajua.

Zola hakukaa ku meza tu na kutunga. Mu Februari 1884 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini ya Ufaransa, walikuwa mu mgomo. Akaenda kule. Ili wamuache aingie, alijifanya sekretere wa mbunge Alfred Giard. Akashuka mu shimo, akaingia mu nyumba za wafanyakazi, akaandika yale aliona.

Watu wa kitabu wanatumikia Kampuni ya Montsou. Njo hapa uongo wenyewe unaanzia. Siku ya mshahara wanakuta karatasi imebandikwa. Kampuni inasema mbao za kuzuia shimo lisianguke hazisimamishwi vizuri. Kwa hiyo kazi ya mbao italipwa peke yake, na bei ya kila gari la makaa itashuka toka santimu 50 mpaka 40. Maneno ni matamu, yanasemea usalama. Wafanyakazi wanapiga hesabu: malipo ya mbao yatawarudishia labda santimu 2. Zile 8 zimekwenda. Hakuna mtu aliwashikia bunduki siku ile. Walikata tu mshahara vipande viwili, na kati ya vile vipande pesa ikapotea.

Bunduki zinakuja nyuma. Mgomo unashika, njaa inaingia, askari wanafyatua, na Maheu, baba wa nyumba, anakufa. Kwetu pia ilifika. Mu Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara. Tarehe 9, ku stade ya Élisabethville, ile leo ni Lubumbashi, askari walifyatua risasi, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasemea wenzake, aliuawa. Tungependa siku moja tuione habari hiyo nayo ku televizio.

Lakini turudi ku ile karatasi, juu ingali inabandikwa hata leo.

Wewe wa kampuni ao wa sous-traitance, wanakuambia: mshahara umepanda. Chukua bulletin yako, angalia umepanda ku mstari gani. Code du travail ya mwaka 2002 inasema indemnité ya logement na ya transport haziko ndani ya rémunération. Kama nyongeza yote imewekwa pale, na mshahara wa msingi umebaki palepale, mwezi huu utakula vizuri. Siku ya congé na siku ya pensheni, ile nyongeza haitahesabiwa. Utafikiri wamekosea. Hapana, hesabu ni sawa. Ni wewe hukusoma mstari.

Wewe creuseur, kwako karatasi ya Montsou ni mashini ya kupima teneur. Négociant anatangaza bei nzuri, kila mtu anakimbia kwake. Tuseme bei inahesabiwa kwa kila pursa ya teneur. Jiwe lako liko na 4, mashini inasema 3: robo ya pesa yako imekwenda, na bei iliyoandikwa ku kibao haikubadilika hata kidogo. Halafu wanakata maji. Ku gunia ya kilo 50, wakikata 10 kwa mia, kilo 5 zimekuwa maji, hata kama jiwe lilikauka mu jua siku tatu. Kwa hiyo usiulize bei tu. Uliza vitu vitatu: kilo, teneur, maji. Pima gunia mbele ya kutoka. Peleka kipande cha jiwe lilelile ku mashini mbili. Kama zinasema maneno mawili yenye kuachana sana, labda moja inasema uongo.

Ba mama, msiache kumwangalia Maigrat, mwenye duka. Anakopesha mkate, na deni anataka alipwe kwa mwili wa wanawake na mabinti. Hatuhitaji kueleza zaidi. Yule ambaye mumewe analeta pesa yenye kukatwa njo anapelekwa kwa Maigrat.

Na vijana waangalie Chaval. Alipiga kelele za mgomo kuliko wengine. Bwana wa shimo lingine akamwita pembeni, akamuahidi cheo, na Chaval akarudisha watu ku kazi. Uongo wa bwana haufiki mbali kama hakuna mwenzako wa kuubeba. Mu sendika tunajua hivyo, juu tumeona vyeo vikigawanywa wiki ya mazungumzo.

Wale wa Montsou walipiga hesabu yao pamoja, siku ileile karatasi ilibandikwa, na njo maana walijua wameibiwa ngapi. Mwisho wa mwezi huu msikunje bulletin na kuiweka mu mfuko. Mkae watatu, wanne, mzilinganishe mstari kwa mstari, kisha mzilete kwa délégué wenu.