Pikipiki ya Nguvu za Farasi 146: Heri Ijaribiwe na Watu Wawili

Wengi wenye ndugu huko Ulaya wamekwisha kupokea picha ya namna hii: mtu wa kwetu amesimama kando ya pikipiki kubwa inayong'aa, mkono mmoja juu ya tangi, kofia ngumu kwapani. Pengine pikipiki ni yake, pengine ni ya jirani. Wanafunzi huitazama picha kwa macho ya kutamani, nao wazee huuliza bei. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha, yaani jinsi mtu mwenye busara anavyoijaribu mashini ya namna hiyo kabla hajatoa fedha yake. Tutachukua mfano wa nchi ya Ubelgiji, kwa kuwa watu wetu wengi wamehamia huko, na mfano wa pikipiki moja inayojulikana sana, Yamaha FJR1300.

Kwanza tufahamu ni mashini ya aina gani. Ziko pikipiki za mashindano, nyepesi na kali, ambazo mwendeshaji huinama juu yake kama mwenye kuumwa tumbo. Ziko nyingine za safari, pana na nzito, zenye kiti kama cha sebuleni. Katikati ya hizo mbili wenye viwanda wameweka aina ya tatu: inakimbia karibu kama ya kwanza, nayo inabeba watu wawili na mizigo yao kama ya pili. Wengi husema mama wa aina hii ni BMW R100RS ya mwaka 1976, iliyokuwa na ngao kubwa ya kuukinga upepo. Lakini Wabelgiji wana haki ya kujisifu kidogo, maana mwaka 1905 kiwanda cha FN kule Herstal, karibu na mji wa Liège, kilitoa pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, na nguvu yake ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti, si kwa mnyororo. FJR1300 nayo ina silinda nne na shafti. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2001. Siku hizi haiuzwi tena mpya huko, kwa hiyo anayeitaka hununua iliyokwisha kutumiwa na mwingine, nayo ni sababu moja zaidi ya kuijaribu kwa makini.

Wasomaji wa miji yetu wanazijua pikipiki za taksi, zile za 125 au 150. Nguvu zake ni za farasi kumi na kitu. FJR1300 zilizotengenezwa tangu 2013 zina nguvu za farasi 146, na injini yake ina ujazo wa sentimeta 1298. Uzito wake, pamoja na petroli, ni karibu kilo 290. Hesabuni mifuko sita ya saruji, mkaondoe kilo kumi. Ndiyo maana sheria za Ulaya hazimruhusu kila kijana kuiendesha. Asiyepitia kwanza leseni ya pikipiki ndogo hana budi kungoja mpaka atimize miaka 24.

Tuseme basi kuna baba mmoja anayekaa Liège, tumwite Baba Yosefu. Ana leseni, ana kazi, na tangu miaka mingi anatamani kwenda pamoja na mkewe mpaka Porcaro. Porcaro ni kijiji kidogo cha Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Tangu mwaka 1979 wenye pikipiki hufanya hija huko tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Huja kwa maelfu, na baada ya Misa mapadri huwabariki wao na mashini zao. Kutoka Liège ni zaidi ya kilometa 700. Tangi la FJR1300 lachukua lita 25, na kwa mwendo wa kiasi hizo zatosha kilometa 400 hivi. Kwa hesabu, safari ni nyepesi. Lakini hesabu ya karatasi haina magoti wala mgongo.

Siku ya kujaribu, Baba Yosefu afike kwa muuzaji akiwa amekwisha kumwomba asiiwashe pikipiki kabla yake. Akifika aguse injini kwa kiganja. Kama ni ya moto, aulize kwa nini, maana injini iliyochoka hufichwa kwa kupashwa moto mapema. Alinganishe namba iliyopigwa juu ya chuma na namba ya hati. Atazame matairi: ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne, mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka, 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuonekana jipya nalo limezeeka rafuni. Aisimamishe pikipiki juu ya stendi yake ya katikati, gurudumu la mbele likiwa halikanyagi chini, ageuze usukani polepole kushoto na kulia. Ukinata katikati kama mlango wenye kutu, gololi zake zimeharibika. Tena aulize pikipiki ilitoka nchi gani. Mpaka mwaka 2016 sheria ya Ufaransa ilikataza pikipiki yoyote kupita nguvu za farasi 100, na nyingi zilipunguzwa nguvu kiwandani kwa ajili ya nchi hiyo. Mtu asilipe farasi 146 akapewa 100. Ingawa, kwa maoni yetu, hao 100 wangemtosha.

Jaribio la kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa. Aisukume pikipiki mbele, kisha nyuma, kisha nyuma tena mahali penye mwinuko mdogo. Aipandishe mwenyewe juu ya stendi. Aikalie, aone kama nyayo zake zafika chini barabara au ni ncha za vidole tu, kwa kuwa kiti kipo juu ya ardhi zaidi ya sentimeta 80. Watu huogopa mwendo mkali, nao wana haki. Walakini pikipiki nzito huangushwa mara nyingi pale inaposimama: mbele ya nyumba, kwenye taa za njia panda, juu ya kokoto za kituo cha petroli. Ikikwisha kuinama kupita kiasi, hakuna mkono wa mtu mmoja utakaoizuia, na anayeng'ang'ana kuizuia huvunjika kiungo.

Baadaye huja karatasi. Duka hutaka kuiona leseni, kisha humpa mtu hati ya kutia sahihi. Wengi hutia sahihi huku macho yakiwa kwenye pikipiki. Heri aisome. Kwa kawaida imeandikwa humo kwamba, hata kama bima ipo, sehemu fulani ya hasara italipwa na anayejaribu, na sehemu hiyo yaweza kuwa euro elfu moja na zaidi. Kama muuzaji ni mtu binafsi, Baba Yosefu aulize kwa maneno wazi ikiwa bima yamfunika mtu mwingine. Asipopata jibu lililo wazi, asiiendeshe.

Sasa awashe. Dakika za kwanza ziwe za upole, kwa kuwa matairi baridi hayashiki vizuri, na mapya kabisa huteleza mpaka yasuguliwe na barabara. Azunguke kwanza polepole kwenye uwanja wa duka, kushoto na kulia, usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho. Kisha atoke mjini, akapande njia za milima ya Ardennes zenye kona na mvua. Asiufungue moto wote ili aone nguvu. Nguvu ipo, aliyeitengeneza ameipima. Afadhali apeleleze mambo ambayo hayakuandikwa katika karatasi ya bei: kama joto la injini lamchoma miguu, kama viganja vyake vinakufa ganzi, kama kioo cha mbele kikipandishwa chaleta utulivu au chaleta mvumo masikioni. Mahali palipo wazi, njia ikiwa kavu na nyuma hakuna mtu, ajaribu breki kwa nguvu inayoongezeka, mara mbili tatu. Tena akumbuke hesabu hii, ambayo wanafunzi wetu wanaweza kuihakikisha: kwa mwendo wa kilometa 120 kwa saa, pikipiki hupita meta 33 katika sekunde moja. Sekunde hiyo ndiyo mtu huitumia kushtuka tu, kabla mkono haujabana breki. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, njia ya kusimamia, tangu breki kubanwa, huongezeka mara nne.

Hayo yote wauzaji wazuri huyajua, nao huyaruhusu. Jambo wanalolisahau, na wanunuzi pia, ni kwamba kiti kina sehemu mbili. Baba hujaribu pikipiki peke yake siku ya Jumamosi, hurudi na furaha, hulipa. Majuma mawili baadaye mama hupanda nyuma kwa mara ya kwanza, ndipo yajulikanapo mambo ambayo yangepasa kujulikana kabla ya fedha kutoka. Magoti yake yamekunjwa mno. Upepo unaopita juu ya kichwa cha mumewe wampiga yeye usoni. Kila breki ikibanwa, kofia yake yagonga kofia ya mbele. Hana pa kushika ila nguo za mume. Na mume naye aona ajabu: pikipiki ile ile iliyokuwa tulivu sasa yainua pua yake, yachelewa kukata kona, yasimama mbali kuliko jana.

Kwa hiyo twasema waziwazi: jaribio lisilo na mke nyuma ni nusu ya jaribio. Muuzaji aombwe ruhusa ya watu wawili, na hati ya bima isomwe tena kwa ajili hiyo. Kwanza baba aende peke yake nusu saa, aizoee mashini. Kisha arudi, akaze springi ya nyuma kwa nyenzo iliyowekwa kwa kazi hiyo, ampandishe mama mwenye kofia, glavu, koti na viatu vya kufunika vifundo. Waende tena nusu saa, si kuzunguka duka tu. Mahali pa kusimama amwulize, "Mama Yosefu, wasemaje?" akanyamaze akasikilize. Akijibu, "Baba Yosefu, shingo yangu," hilo ni jibu lenye uzito kuliko farasi 146. Wako wanaume watakaocheka wakisoma hivi. Lakini ni nani atakayekaa kilometa 700 mahali asipoona njia mbele, asipoweza kufunga breki, akimkabidhi mwingine maisha yake yote? Na watoto walioachwa nyumbani kwa bibi wana wazazi wawili juu ya magurudumu yale yale.

Mzigo nao ni jambo la kweli, wala si hofu ya wazee. Honda ST1300 ni pikipiki ya aina hii hii, iliyotoka mwaka 2002, na wasafiri wengi waliisifu. Polisi wa Uingereza waliitumia kwa wingi, wakiipakia vyombo vya kazi yao. Kumbe katika mwendo mkali sana baadhi zilianza kuyumba kama nyoka, na baada ya askari mmoja kufa mwaka 2005, vikosi vingi vya polisi viliacha kuitumia mwaka 2007. Mtu wa kawaida haendi kwa mwendo wa polisi. Hata hivyo, anayetaka masanduku matatu yaliyojaa aombe kuyafunga siku ya kujaribu, hata kama ni matupu, akasome kitabu cha kiwanda kinasema kilo ngapi zinaruhusiwa, watu wakihesabiwa pamoja na vitu.

Msomaji mmoja au wawili watauliza kama mashini hii yafaa kwetu Bukavu au Uvira. Haifai. Chini ya tumbo lake mna nafasi ya sentimeta 13 tu, na barabara zetu za udongo zingelivunja wakati wa mvua ya kwanza. Atakayeanguka nayo katika matope atahitaji watu wanne wa kuiinua, na fundi mwenye vipuri vyake atamtafuta mbali.

Turudi kwa Baba Yosefu. Amerudisha ufunguo, muuzaji amemwambia kwamba mtu mwingine anakuja alasiri kuitazama. Husemwa hivyo mara nyingi. Aage kwa heshima bila kutia sahihi, apande basi pamoja na mkewe. Nyumbani aandikie kampuni ya bima, aombe bei ya mwaka kwa maandishi, maana kwa nguvu kama hizi bima yaweza kumshtua kuliko bei ya pikipiki yenyewe. Aulize bei ya matairi mawili, ambayo uzito huo huyala upesi, na bei ya nguo za safari za mtu wa pili. Namba hizo zikiwa mezani, mama akiwa amelala usiku mmoja na kuamka akiieleza shingo yake inajisikiaje, basi wampigie muuzaji simu, ama ya kununua, ama ya kumshukuru kwa safari.