Maleba Nayo Yana Lafudhi

Katika filamu, mhusika huanza kusema kabla hajafumbua kinywa. Koti lake limesema, viatu vyake vimesema, na ukuta ulio nyuma yake umeongezea. Kwa hiyo mwanafunzi anayepanga maleba na mandhari ya filamu yuko katika kazi ya lugha, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Nimelikumbuka jambo hili baada ya wanafunzi wa shule moja ya upili kuniletea mswada wa filamu yao fupi ili niwasahihishie Kiswahili. Hadithi ni nzuri: mzee anakataa kuuza shamba lake lililo karibu na Makutano, mjini Meru, naye bintiye amekuja kutoka Nairobi kumshawishi. Pamoja na mswada palikuwa na karatasi ya maleba. Mzee: ngozi mabegani, fimbo, miguu mitupu. Mkewe: leso iliyochanika. Binti: suti na viatu virefu. Mandhari: nyumba ya nyasi, itafutwe mbali, kwa kuwa Makutano "hapafanani na kijiji".

Nilipofungua mswada, lugha ilikuwa imekatwa kwa mkasi uo huo. Binti anasema Kiswahili sanifu. Mzee anaburura maneno, kila l ikageuka r, na pembeni pameandikwa kwamba hapo watazamaji watacheka.

Lafudhi si kosa. Kila mzungumzaji anayo, hata mimi ninayelipwa kuifundisha lugha. Kosa liko katika ugawaji wake. Iwapo lafudhi ya lugha ya mama, matambara na upumbavu hupewa mhusika yule yule kila mara, basi mtazamaji hafundishwi tena habari za shamba. Anafundishwa kumwonea haya nyanya yake. Na mtazamaji huyo ni mtoto wa shule. Tamasha la drama la shule zetu, lililoanza mwaka 1959 na ambalo siku hizi lina nafasi ya filamu pia, huwakutanisha watoto wa nchi nzima. Kicheko kinachozaliwa pale husafiri mbali.

Zaidi ya hayo, mzee wa namna hiyo hayupo. Kimeru chenyewe hakina ulimi mmoja: kuna Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi na vinginevyo, na wapo wanaisimu wanaohesabu Kichuka na Kitharaka kuwa lugha kamili. Mavazi nayo ni hivyo hivyo. Mavazi ya heshima ya wazee wa Njuri Ncheke yana shughuli zake na siku zake; hayavaliwi mtu akienda kupeleka maziwa. Mzee halisi wa Makutano, asubuhi ya baridi ya Julai, amevaa sweta, koti juu yake, kofia, na mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu. Nyumba yake ina paa la mabati. Aghalabu koti lile ni la mitumba, sawa na suti ya bintiye.

Najua nitajibiwa kwamba filamu fupi haina muda, hivyo inahitaji alama zinazotambulika upesi. Nakubali. Lakini alama nzuri huokotwa kwa macho, haikopwi katika michezo ya mwaka jana. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitupa Supa Modo, filamu ya kijiji kinachoungana kumtengenezea msichana mgonjwa filamu yake. Wanakijiji wale wamevaa kama watu tunaowajua, wanachanganya Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza kama tunavyochanganya sisi, na tunacheka pamoja nao bila kuwadharau.

Kwa hiyo niliwashauri wanafunzi wakae Makutano asubuhi moja na daftari, waandike nani amevaa nini na anasema vipi na nani. Wachague rangi chache za pale pale: wekundu wa udongo, kijani cha migomba, kijivu cha mabati, kisha suti ya binti iwe rangi isiyokuwamo humo, ili ugeni wake uonekane bila mtu kuutamka. Nguo ya kila mhusika ihifadhiwe hadi siku ya mwisho, maana tope la Jumatatu halina budi kuwapo Jumatano ikiwa tukio ni lile lile. Mazungumzo marefu yasirekodiwe kando ya barabara, kwani honi za matatu zitayameza. Na mzee azungumze Kimeru na mkewe, kisha Kiswahili chake kizito na wageni, akiwa na hoja zenye uzito kama za bintiye.

Jina la Makutano limetokana na kitenzi kukutana. Kenya ina Makutano nyingi, ikiwamo ile ya njia panda ya kwenda Embu na ile ya Pokot Magharibi, na kote huko maana ni moja: watu wametoka pande mbalimbali wakafika mahali pamoja. Filamu inayochukua jina hilo ina deni kwa wote waliofika. Walimu wa drama, tafadhalini, kabla ya kusahihisha sarufi ya mswada, kagueni kwanza karatasi ya maleba. Makosa makubwa huenda yako huko.