Afisa Mteule, Mlinzi wa Ufundi Jeshini

Mwaka 1964 Michael Novosel alikuwa Luteni Kanali wa akiba katika Jeshi la Anga la Marekani. Alikuwa amerusha ndege za kivita za B-29 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na sasa, akiwa na miaka 41, aliomba kurudi kazini. Akajibiwa kwamba maafisa wa cheo chake wamezidi. Basi akakiacha cheo hicho, akajiunga na Jeshi la Nchi Kavu kama afisa mteule ili arushe helikopta.

Katika jeshi hilo, afisa mteule yuko kati ya askari wa kawaida na maafisa wenye kamisheni. Luteni akipanda kuwa kapteni, kisha meja, majukumu ya uongozi humwondoa polepole kwenye kazi aliyoisomea. Afisa mteule hupanda ngazi tano bila kuuacha ufundi wake, awe rubani au mtaalamu wa mitambo. Tanzania na Kenya, zilizorithi mfumo wa Waingereza, zina utaratibu mwingine: afisa mteule ndiye askari wa juu kabisa asiye na kamisheni, msimamizi wa nidhamu na mshauri wa kamanda kuhusu hali ya askari.

Thamani ya ujuzi uliokomaa ilionekana Vietnam tarehe 2 Oktoba 1969. Askari wa Vietnam Kusini walikuwa wamezingirwa, na Novosel, sasa mwenye miaka 47, akawaendea kwa helikopta ya kubebea majeruhi, bila ndege ya kumlinda. Mara sita risasi zilimfukuza, na kila mara alirudi. Katika uokoaji wa mwisho alipigwa risasi, chombo kikamponyoka kwa muda mfupi, akakidhibiti tena. Aliokoa watu 29. Mwaka 1971 alitunukiwa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake. Katika vipindi vyake viwili Vietnam alisafirisha majeruhi 5,589.

Ushujaa ule ulibebwa na mikono iliyozoea kazi kwa miaka mingi. Tunapompandisha muuguzi hodari au fundi mahiri kwa kumweka nyuma ya meza, tunampa heshima huku tukiwanyima watu huduma yake. Hospitali na karakana zetu zinahitaji ngazi ya kupanda ambayo mshahara na hadhi vinakua, na fundi anabaki kazini.