Gita la Marehemu Baba na Namba Isiyotosha

Arobaini ya marehemu baba ilipokwisha, tulikutana nyumbani kwake Tandika, wilayani Temeke, ili kuvipanga vitu alivyoviacha. Baba alikuwa fundi redio. Stoo yake ilijaa spika zilizochanika, transfoma zilizoungua, na makopo ya skrubu zilizopangwa kwa ukubwa wake. Nyuma ya sanduku la bati tulikuta kasha la mbao lililofungwa ndani ya gunia. Ndani ya kasha hilo mlikuwa na gita la umeme ambalo sisi watoto hatukupata kuliona likipigwa hata siku moja.

Gita lile halikuwa na jina la kiwanda popote. Habari zikaenea, na siku ya pili akaja dalali mmoja wa vitu vya kale. Alilitazama, akasema kuwa gita lisilo na jina la kiwanda huwa ni chombo cha kwanza cha majaribio, kilichotengenezwa ng'ambo kabla magita ya kuuzwa hayajaanza kutolewa, na kwamba chombo cha namna hiyo ni adimu. Akataja bei iliyowafanya ndugu zangu wanyamaze. Baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, kwanza lipige msasa, ulipake vanishi, ndipo bei ipande." Nami nikamjibu, "Baba mdogo, naomba unipe wiki moja. Nataka kulipima kabla hatujaligusa."

Makala haya yanaeleza yaliyoonekana katika wiki hiyo. Nayaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari, kwa kuwa hesabu iliyohitajika haizidi ile ya kidato cha pili.

Kwa nini fundi wa Temeke atengeneze gita?

Muziki wa dansi una historia ndefu katika jiji la Dar es Salaam. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baada ya Uhuru, bendi nyingi zilimilikiwa na vyama na mashirika: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Vijana Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilikuwa ya umoja wa vijana. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki aliyeihama bendi aliliacha gita nyuma yake. Hali ikawa ngumu zaidi katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika. Nyuzi za gita zilikuwa shida kupatikana, sembuse gita lenyewe. Mtu aliyependa kupiga, naye hayumo katika bendi, hakuwa na njia ila kujitengenezea.

Dalali hakukosea alipotaja chombo cha kwanza cha majaribio. Kila chombo kipya huanza hivyo. Gita la umeme lililofungua biashara hiyo nchini Marekani, lile lililopewa jina la utani la kikaango kwa umbo lake, lilianza mwaka 1931 kama chombo cha mbao kilichotengenezwa kujaribu wazo la George Beauchamp. Mwaka 1932 magita yake ya alumini yakaanza kuuzwa, na hataza ikatolewa mwaka 1937. Katika chombo cha majaribio makosa ya mtengenezaji hubakia yakionekana. Katika chombo cha kuuzwa yamekwisha kufichwa. Kwa hiyo msasa na vanishi ndivyo maadui wakubwa wa chombo cha namna hii, maana huondoa alama za penseli, vumbi la msumeno na matundu yaliyozibwa, ambavyo ndivyo ushahidi wenyewe.

Ushahidi wa kwanza: mbao na karatasi

Kiwiliwili cha gita kilikuwa cha mninga, na ubao wa shingo ulikuwa wa mpingo. Mninga na mpingo ni miti ya misitu yetu. Mpingo ni mzito hata huzama majini, nao husafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea zumari za kizungu. Mbao pekee hazithibitishi mahali chombo kilipotengenezwa, kwa kuwa mbao husafiri. Lakini kasha lilikuwa limebandikwa ndani kurasa za gazeti la Uhuru za mwaka 1976. Mwanafunzi aangalie hapa asije akakimbilia kusema kuwa kasha ni la mwaka 1976. Karatasi ya zamani yaweza kutumika miaka mingi baadaye. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba karatasi hizo hazikubandikwa kabla ya mwaka huo.

Ushahidi wa pili: sumaku na waya

Chini ya nyuzi palikuwa na kinasa mtetemo, ambacho mafundi hukiita pikapu. Sumaku yake ilikuwa imetolewa katika spika ya redio, na waya wake mwembamba ulikuwa na rangi ile ile ya waya wa transfoma moja iliyofumuliwa, ambayo ilikuwa bado imo stoo. Chombo hiki hufanya kazi kwa kanuni iliyoonyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831: nguvu ya sumaku inayopita katika koili ikibadilika, umeme huzuka katika koili hiyo. Uzi wa chuma ukiwa karibu na sumaku, nao huwa sumaku kidogo. Ukitetemeka mara 110 kwa sekunde, nguvu ya sumaku ndani ya koili hubadilika mara 110 kwa sekunde, na umeme hafifu wa kiwango hicho hicho hupelekwa kwenye kikuza sauti. Ndiyo sababu uzi wa nailoni hautoi sauti yoyote katika gita la namna hii. Nyuzi mbili zilizosalia katika gita la baba zilikuwa nyaya za chuma zilizochambuliwa kutoka katika kebo ya breki ya baiskeli.

Koili ya namna hii hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao nchini kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Tundu la kinasa lilikuwa limezungushiwa karatasi za bati za pakiti za sigara, zikaunganishwa kwa waya na upande wa ardhi wa saketi. Aliyefanya hivyo alikwisha kuusikia mvumo huo na kujua dawa yake.

Ushahidi wa tatu: freti

Freti ni vijiti vya chuma vilivyopandikizwa shingoni mwa gita. Mpigaji akiubana uzi nyuma ya freti, urefu unaotetemeka hupungua na sauti hupanda. Uzi ukipunguzwa hadi nusu yake, sauti hupanda oktava moja kamili. Oktava ina hatua 12 zilizo sawa, basi freti ya 12 sharti iwe katikati ya uzi.

Urefu wa uzi katika gita la baba ni milimita 648. Freti ya 12 ilikuwa milimita 324 kutoka mwanzo wa uzi, yaani nusu kamili. Lakini nilipouangalia mpingo kwa lenzi niliona, nyuma kidogo ya kila freti, mfereji wa zamani uliozibwa kwa unga wa mbao na gundi. Mfereji wa 12 ulikuwa kwenye milimita 321.6.

Kipimo hicho kina asili yake. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpigaji wa kinanda cha nyuzi na baba yake Galileo, alieleza kanuni ya kuupunguza uzi kwa sehemu moja ya kumi na nane katika kila hatua. Kanuni hiyo ni rahisi, na mafundi wameitumia kwa karne nyingi. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza huwa kwenye milimita 36, ya pili kwenye 70, na ya kumi na mbili kwenye 321.6. Sauti yake hupungukiwa na oktava kwa takriban sehemu moja ya nane ya hatua moja, na sikio lililozoea huigundua mara moja. Basi baba alianza kwa kanuni ya kumi na nane, akasikia kuwa haikutosha.

Chini ya gita palikuwa na kipande cha ubao chembamba chenye alama za penseli, na ukurasa uliokunjwa wa daftari. Mwandiko wa ukurasa ule ulikuwa wangu.

Hapo nikakumbuka. Mwaka 1995, nilipokuwa kidato cha pili, baba aliniuliza kama hiyo hesabu yetu ya logi yaweza kumpa namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi na mbili italeta 2. Nilichukua jedwali la tarakimu nne. Logi ya 2 ni 0.3010. Nikaigawanya kwa 12, nikapata 0.0251. Nikatafuta namba yenye logi hiyo, nikapata 1.059. Nikampa ukurasa, nikaenda kucheza mpira.

Baba aliweka alama za namba yangu kwenye ubao. Freti ya 12 ikaangukia milimita 322.3, wala si 324. Alama zote hizo amezikata kwa mkasi wa penseli. Nyuma ya ukurasa wangu, kwa kuzidisha kwa mkono, amejaribu: 1.059 mara kumi na mbili huleta 1.990; 1.060 huleta 2.012, 1.0595 huleta 2.001. Chini ya hiyo ya mwisho amepiga mstari. Vipimo vya freti zilizomo katika gita leo vinafuata namba hiyo:

Freti ya 1: kanuni ya kumi na nane 36.0, namba yangu 36.1, namba ya baba 36.4.
Freti ya 7: 213.7, 214.2, 215.6.
Freti ya 12: 321.6; 322.3, 324.1.

Jedwali halikukosea. Tarakimu nne zilitosha kwa mtihani wa darasani, lakini kosa dogo likirudiwa mara kumi na mbili huwa kubwa. Nilikuja kujifunza jambo hilo kwa jina lake la kitaalamu nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari. Baba alikwisha kulijua kwa sababu alikuwa na kitu cha kupimia jibu: nusu ya uzi. Hakupata kuniambia kuwa namba yangu haikutosha.

Dalali aliporudi nilimweleza yote. Akasema kuwa gita la fundi wa Tandika si lile alilolidhania, akaondoka bila kutaja bei nyingine. Baba mdogo aliusoma ukurasa ule pande zote mbili, kisha akasema kuwa msasa hautahitajika. Gita limebaki ndani ya kasha lake. Mpwa wangu, anayepiga muziki, amechukua vipimo ili atengeneze lake.

Zoezi kwa darasa

Kaza waya wa chuma juu ya ubao, urefu wa milimita 600 kati ya vizuizi viwili. Weka alama za freti 12 kwa kanuni ya kumi na nane, kisha kwa 1.059, kisha kwa 1.0595, ukigawanya urefu uliobaki kwa namba hiyo kila hatua. Linganisha kila alama ya 12 na milimita 300. Na wanafunzi watakaokuta redio za kale za wazazi wao wasizifungue zikiwa na umeme, wala mara baada ya kuzizima, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi umeme wa kudhuru. Waandike kwanza wanachokiona, wapime, wapige picha, ndipo wafute vumbi.