Pampu nafuu, mawimbi ya dola 3,000

Wanaume wenye upungufu wa nguvu za kiume wasiotaka kisu wala vidonge wanauziwa bidhaa kuu mbili nchini Marekani, na iliyo ghali ndiyo yenye ushahidi haba.

Ya kwanza ni pampu ya kuvuta hewa. Geddings Osbon, mfanyabiashara wa matairi wa jimbo la Georgia, aliibuni miaka ya 1960 kwa ajili ya tatizo lake mwenyewe (fundi wa upepo si mgeni wa pampu), na mwaka 1982 mamlaka ya chakula na dawa ikaruhusu iuzwe. Bomba la plastiki huvishwa uume, hewa hutolewa, damu huvutwa ndani, kisha mpira hubana shinani ili isirudi. Mpira usizidi nusu saa. Pampu haitibu mishipa. Hufaa kwa wakati ule tu.

Bei yake ilizua zogo. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali walibaini kuwa Medicare, bima ya wazee, ilikuwa ikiilipia zaidi ya mara mbili ya wanunuzi wengine. Kati ya 2006 na 2011 zilitoka takriban dola milioni 172. Tangu Julai 1, 2015 bima hiyo hailipi hata senti.

Ya pili ni mawimbi ya mshtuko yenye nguvu ndogo, yanayodaiwa kuotesha mishipa midogo mipya ya damu. Mwaka 2010 watafiti wa Israel walichapisha matokeo ya wanaume 20 tu. Majaribio yaliyofuata hayakulingana, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kiliiita tiba ya majaribio. Wenzao wa Ulaya wanaikubali kwa shingo upande, kwa wenye tatizo dogo la mishipa. Hata hivyo, uchunguzi wa kliniki za majiji makubwa ya Marekani uliochapishwa 2021 ulikuta dozi nzima ikiuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 3,000. Nyingine hutumia mashine za mawimbi ya kutawanyika, ambayo nguvu yake huishia juu juu.

Mshindani wa zote mbili ni kidonge, kilichoshuka bei baada ya nakala za Viagra kuingia sokoni. Lakini wagonjwa wa moyo wanaotumia dawa za naitreti hawaruhusiwi kukimeza, na hao pampu bado inawahitaji.