Mchimbaji Aliyeingia Barazani

Ninyi mlio darasani Izimbya, andikeni neno moja: LESENI. Maana yake ni cheti cha ruhusa kinachotolewa na serikali.

Mwaka 1851 dhahabu nyingi ilionekana Australia, katika koloni la Victoria. Jina hilo mnalijua. Koloni lile na ziwa letu vilipewa jina la malkia mmoja wa Uingereza. Watu walikimbilia huko kutoka nchi nyingi. Mmoja wao alikuwa Peter Lalor, kijana wa Ireland. Alichimba mahali paitwapo Ballarat.

Mwanzoni kila mchimbaji alilipa leseni ya shilingi 30 kwa mwezi, apate dhahabu asipate. Asiyekuwa nayo alikamatwa na askari. Tena hakuwa na kura. Alilipa yeye, sheria wakatunga wengine.

Novemba 1854 wachimbaji walizichoma leseni zao. Walimchagua Lalor awaongoze, wakajenga boma la mbao. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba askari walilishambulia. Watu zaidi ya 20 walikufa. Lalor alipigwa risasi, akafichwa na rafiki zake. Mkono wake wa kushoto ulikatwa.

Boma lilivunjwa, lakini dai halikufa. Wachimbaji 13 walishtakiwa kwa uhaini, na wote wakaachiliwa. Mwaka 1855 leseni ile ilifutwa. Mchimbaji akalipa paundi 1 kwa mwaka, akapata na kura. Mwaka huohuo Lalor aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Tangu 1880 hadi 1887 alikuwa Spika.

Je, aliwakumbuka wenzake siku zote? La. Mwaka 1873 alikuwa mkurugenzi wa mgodi huko Clunes. Wachimbaji walipogoma, kampuni ilijaribu kuleta Wachina washike kazi yao. Cheo kilikuwa kimembadili.

Hata Tanganyika watu walilipa kodi bila kusikilizwa. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza, wawili tu, waliingia mwaka 1945.

Basi, ndugu zangu, kumchagua mtu ni mwanzo wa kazi. Baada ya hapo, mwangalieni anavyotenda.

Maswali
1. Shilingi 20 zilikuwa paundi 1. Leseni ya zamani ilikuwa paundi ngapi kwa mwaka?
2. Kwa nini wachimbaji walizichoma leseni?
3. Mjumbe akiwasahau waliomchagua, wafanye nini?