Kikombe cha Loliondo na Mizani ya Maabara

Mwaka 2011, barabara ya vumbi itokayo Mto wa Mbu na kupita Engaruka kuelekea Loliondo ilijaa magari usiku na mchana, maana katika kijiji cha Samunge mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu na taifa zima, alikuwa akiwanywesha watu, kwa shilingi 500 tu, kikombe kimoja cha maji yaliyochemshiwa mizizi ya mti uitwao mugariga, akinena kwamba Mwenyezi Mungu alimwonyesha ndotoni dawa ya kisukari, ukimwi, saratani na maradhi mengine sugu. Mawaziri na wachuuzi walikwenda kukinywa kikombe hicho, na wapo waliofariki dunia kabla ya kukifikia kikombe. Siwezi kuwacheka waliokwenda. Mtu aliyeambiwa kuwa maradhi yake hayana tiba, au kwamba tiba ipo lakini iko Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Arusha, hana lawama akishika njia ya tumaini lililo karibu.

Lakini mti wenyewe wastahili kutazamwa kwa makini kuliko ulivyotazamwa wakati ule wa zogo. Mugariga, ambao wataalamu huuita Carissa spinarum, ni kichaka chenye miiba mirefu, maua meupe yanukiayo, na matunda meusi ambayo watoto wa wafugaji huyachuma wakila. Ukivunja tawi lake hutoka utomvu mweupe, na utomvu huo ni alama ya ukoo mkubwa wa mimea ambao, kwa kudura ya Mola, umekusanya sumu na dawa mahali pamoja. Katika ukoo huo umo msunguti, ambao tangu zamani za kale wawindaji wa Afrika Mashariki huuchemsha wapate sumu ya mshale isimamishayo moyo. Nao msunguti, isipokuwa kwa kukosa miiba, hufanana na mugariga kiasi cha kumhadaa mchimba mizizi mwenye haraka.

Katika ukoo huohuo limo pia ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye petali tano, asili yake Bukini, lipandwalo kama pambo mbele ya nyumba nyingi za Arusha. Huko Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kutibu kisukari, na katika miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, huko Kanada, waliijaribu kwa panya. Sukari haikushuka hata kidogo, walakini chembe nyeupe za damu zilipungua ajabu, na kutoka kwa ajabu hiyo, ambayo mtu mvivu angeiacha ipite, ikapatikana vinblastini mwaka 1958, kisha ndugu yake vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963. Mamia ya kilo za majani makavu huhitajika ili kupata gramu moja tu ya vinblastini. Dawa hizo mbili huzikamata nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa mara mbili, na seli ya saratani, maadamu kazi yake ni kujigawa bila kikomo, hukwama na kufa. Mwaka uleule wa 1958, tabibu mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Uganda, alikuwa ametangaza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa sehemu zetu hizi. Na vinkristini ikawa miongoni mwa dawa zilizowaponya wengi wao.

Hapo ndipo ilipo tofauti, nami naisisitiza kwa sababu uhai wa watu umo ndani yake. Chai ya majani hayo haikumponya mtoto yeyote uvimbe wa taya. Kilichomponya ni kitu kimoja kilichotolewa ndani ya majani, kikatakaswa, kikapimwa kwa miligramu, na kupitishwa katika mshipa wa damu na si kwingineko, kwani vinkristini hiyohiyo ikidungwa kwa makosa katika uti wa mgongo huua. Tusidanganywe na habari kwamba maji ya mti fulani yameua seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara: hata sabuni huziua.

Kisa cha Shimba Hills, huko Kwale nchini Kenya, chaonyesha jinsi safari ya kutoka mti hadi dawa iwezavyo kuwa ndefu. Katika miaka ya 1970 takriban tani 27 za Maytenus buchananii, mti ambao Wadigo waliujua katika uganga wao, zilikusanywa kwa ajili ya watafiti wa Marekani waliotafuta maitansini, sumu ya mti huo waliyotumaini itaua saratani. Walipoijaribu kwa wagonjwa, waliiona kali mno wakaiacha. Ilipita miaka mingi kabla ya zao la sumu hiyo kufungwa pamoja na kingamwili iwezayo kuitambua seli ya aina fulani ya saratani ya matiti, likaruhusiwa kama dawa mwaka 2013. Siku hizi sumu yenyewe hutengenezwa kwa msaada wa bakteria, na Wadigo hawakupata fungu lolote. Jambo hilo, kwa rai yangu, ni dhuluma.

Arusha inavyo vyombo vya kazi hii ya kuchunguza mimea. Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, ipo hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa: kila tawi limebanwa, likagandishwa juu ya karatasi nene, na pembeni pameandikwa mahali lilipochumwa, kimo cha mahali hapo, tarehe na jina la mchumaji, hata mtu akisema mugariga, na mwenzake akashuku msunguti, pawepo shahidi wa kuwaamua. Tengeru nako, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela husomesha wanasayansi wachunguzao mimea ya dawa. Mganga wa Usa River au Oldonyosambu akipeleka tawi lenye majani na maua pamoja na mzizi anaouchemsha, amewapa wachunguzi nusu ya kazi. Naye apewe hati inayohifadhi jina lake na haki yake.

Na mgonjwa ambaye amekwisha kuanza matibabu ya hospitali, naye angali anakunywa supu ya mizizi nyumbani, amwambie daktari jina la mti na kiasi anachokunywa, pasipo haya, kwa kuwa vinkristini huvunjwavunjwa na ini, na kitu chochote kinachoilemea au kuiharakisha kazi hiyo ya ini hugeuza kipimo ambacho daktari alikwisha kukipima.